Mkopeshaji wa mtandaoni amewatumia meseji ndugu zako? Fanya hivi, hatua kwa hatua

Meseji iliingia saa moja asubuhi, hata kibanda sijafungua. Iliniambia nimjulishe mama fulani alipe deni lake kabla ya saa sita mchana, kwamba amenitaja mimi kuwa mdhamini wake, na kwamba asipolipa hatua zitachukuliwa dhidi yetu wote wawili. Jina lenyewe sikulitambua. Nilikuja kukumbuka jioni: ni mama mshona nguo wa Mbagala niliyembadilishia kioo cha simu miezi mitano nyuma, akaisevu namba yangu kama Fundi Simu. Tunajuana kwa kioo hicho tu. Hakuwahi kuniomba nimdhamini, na aliyenitumia meseji hakuwahi kuniuliza.

Siku ya pili alikuja kibandani, simu kaishika kwa mikono miwili. "Fundi, nifutie hiki kitu." Karibu kila anayefikwa na jambo hili huja na ombi hilohilo, na kila mara nawajibu: tusifute kwanza. Mwongozo huu nimeuandika kwa mpangilio uleule tunaoufuata pale kwenye meza yangu, na mpangilio wenyewe una maana. Ukianza na hatua ya pili ukaiacha ya kwanza, utafika kwenye malalamiko mikono mitupu.

Kabla hujagusa simu, tenganisha mambo mawili kichwani. Kuna deni, na kuna taarifa zako. Deni ni lako, na likiwa halali utalilipa. Lakini kudaiwa hakumpi mtu ruhusa ya kumwandikia mkweo, mwalimu wa mtoto wako na mwenyekiti wa mtaa. Wanaofanya hivi wanataka mambo hayo mawili yakuchanganyikie, aibu ikuzibe mdomo, ulipe chochote watakachotaja. Yule mama alikuwa ameshalia siku mbili. Alidhani kwa kuwa anadaiwa hana haki ya kulalamika. Haki anayo.

HATUA YA 1: Kusanya ushahidi

Tenga saa nzima kwa kazi hii, maana hapa ndipo kesi nyingi hushinda au hufa.

Anza na meseji. Skrinshoti inayofaa inaonyesha namba ya mtumaji, tarehe, saa na maneno yote. Nyingi ninazoletewa zina matusi lakini hazina namba, kwa sababu mtu aliisevu namba ile kwa jina kama "Tapeli 2" na juu ya meseji linaonekana jina hilo tu. Ukiwa umeisevu, bonyeza jina, namba itokee, upige picha ya ukurasa huo pia. Meseji ikiwa ndefu, piga picha mbili au tatu zinazopishana mistari michache, ionekane wazi kwamba hukuruka kitu.

Waombe waliotumiwa wakutumie skrinshoti zao. Wasiforwadi meseji yenyewe, kwa sababu ikiforwadiwa inakufikia kwa namba ya ndugu yako, na namba ya aliyemtumia inapotea. Kwa yule mama tulipata skrinshoti kutoka kwa watu 11, miongoni mwao mteja aliyemshonea sare za harusi.

Kisha fungua programu ya mkopo yenyewe. Piga picha ya ukurasa unaoonyesha deni, masharti ya mkopo, sera ya faragha, na sehemu yenye jina la kampuni na barua pepe. Nenda pia kwenye setingi, fungua Programu, ichague, bonyeza Ruhusa, upige picha ya orodha ya vitu ilivyoruhusiwa kuvifikia: anwani, yaani majina na namba zako, meseji, picha, mahali ulipo. Picha hiyo ni dhahabu. Ukishazima ruhusa hutaweza kuipata tena.

Usisahau meseji ya pesa. Iwe M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money au HaloPesa, meseji iliyokuletea mkopo ina vitu viwili utakavyohitaji: kiasi ulichopokea kweli, na jina la aliyekutumia. Mara nyingi jina hilo ni la kampuni, tofauti kabisa na jina la kuvutia lililoandikwa kwenye programu. Kama uliifuta, iombe kampuni ya simu taarifa ya miamala yako.

Simu wanazopiga ziandike kwenye daftari: tarehe, saa, namba, na maneno yenyewe kama yalivyotamkwa. "Alinitukana" haisaidii sana. "Alisema atatuma picha yangu kwenye grupu la kanisa" inasaidia.

Mwisho, nakili kila kitu mahali pengine. Jitumie kwa barua pepe, au mpe ndugu unayemwamini. Simu huibiwa, na mimi nazipokea zilizotumbukia kwenye ndoo ya maji karibu kila wiki.

HATUA YA 2: Zima ruhusa, kisha ondoa programu

Rudi kwenye Ruhusa, uzime zote. Niwe mkweli: majina waliyokwisha yachukua yako kwenye kompyuta zao, na kuzima ruhusa hakuyarudishi. Unachozuia ni wao kuendelea kuchukua, ikiwamo namba mpya utakazosevu kesho na meseji za benki zitakazoingia.

Sasa ondoa programu. Ikikataa kuondoka, angalia mahali pawili: sehemu ya usalama penye orodha ya programu zinazosimamia kifaa, na sehemu ya ufikivu (Accessibility). Nimeikuta imejiwasha huko kwenye simu kadhaa. Izime kwanza, ndipo ikubali kutoka. Kama uliipakua kwa linki ya WhatsApp au Telegramu badala ya Play Store, fungua Play Store, ingia Play Protect, ukague simu nzima.

Badilisha PIN ya pesa na nywila ya barua pepe. Na piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, kwa sababu wakopeshaji hawa huomba picha ya kitambulisho. Ukikuta namba usiyoijua, nenda kwenye duka la kampuni husika wakaifute.

HATUA YA 3: Watangulie kwa watu wako

Hapa wengi hukwama, na ninaelewa. Lakini watu wakisikia kwako kwanza, meseji ya mkopeshaji inapoteza nguvu. Si lazima useme umekopa kiasi gani wala kwa shida gani. Usiseme uongo kwamba hukukopa, kwa sababu ukigundulika, hata sehemu ya kweli haitaaminika. Ujumbe tuliouandika siku ile ulikuwa hivi, nawe unaweza kuutumia:

"Ndugu zangu, kampuni moja ya mikopo ya mtandaoni imechukua namba zenu kwenye simu yangu bila ridhaa yenu na inawatumia meseji. Hakuna kati yenu aliyenidhamini. Tafadhali msitume pesa kwa namba yoyote. Ukipata meseji au kupigiwa, nitumie skrinshoti inayoonyesha namba na saa. Jambo hili nalipeleka kwenye vyombo vinavyohusika. Poleni sana kwa usumbufu."

Wazee wasiosoma meseji wapigie. Shangazi yake yule mama alikuwa tayari ameuza kuku ili amwokoe.

HATUA YA 4: Mjue unayeshughulika naye

Kwa Tanzania, mkopeshaji anahitaji leseni ya Benki Kuu, na biashara hii inaangukia kwenye Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Benki Kuu huweka orodha ya wenye leseni kwenye tovuti yake. Tafuta kwa jina la kampuni ulilolipata kwenye meseji ya pesa au kwenye mkataba, maana jina la programu linaweza lisiwemo.

Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Watu huja wakiniambia, "Fundi, hii haimo kwenye zile 69, basi ni halali." Hapana. Programu za aina hii hubadilisha jina na rangi kisha zikarudi. Swali ni kama imo kwenye orodha ya wenye leseni.

Ukiwa Kenya, orodha ya kuangalia ni ya Benki Kuu ya Kenya. Kanuni za watoa mikopo wa kidijitali za 2022 zinamkataza mkopeshaji kutumia vitisho na matusi, kuwapigia watu waliomo kwenye simu ya mdaiwa ili kumuaibisha, na kuanika taarifa zake mtandaoni.

HATUA YA 5: Shughulikia deni kama deni

Piga hesabu kwa kile kilichokufikia mkononi. Programu ilimwandikia mama yule mkopo wa shilingi 50,000. Meseji ya pesa ilionyesha 35,000. Zile 15,000 zilikatwa mwanzoni kwa jina la ada ya huduma. Baada ya siku 7 alitakiwa arudishe 52,500. Yaani juu ya 35,000 aliyoishika aongeze 17,500, nusu kamili, kwa wiki moja. Nilipomwandikia hesabu hiyo nyuma ya risiti aliitazama muda mrefu. Mwenyewe alikuwa anafikiri riba ni zile 2,500.

Usikope kwenye programu nyingine ili ulipe hii. Nimewahi kushika simu yenye programu tisa za mikopo, kila moja ikilipia mwenzake.

Omba kwa maandishi mchanganuo wa deni: kiasi ulichopewa, riba, ada, adhabu, ulicholipa. Ukilipa, lipa kwa namba rasmi ya kampuni, kamwe si kwa namba binafsi ya anayekupigia, hata akisema "nitumie mimi nikupunguzie". Pesa ikiingia kwa mtu binafsi, kampuni itasema haikuiona. Ukimaliza, dai uthibitisho wa maandishi kwamba hudaiwi tena.

Wakikutishia polisi, tulia. Deni la kawaida ni shauri la madai, na mkopeshaji anayelidai kisheria hulipeleka mahakamani. Meseji ya "askari yuko njiani, saa kumi utakuwa ndani" ni kitisho, nayo iingize kwenye ushahidi. Swali la kama mkopo wa kampuni isiyo na leseni unadaika ni la mwanasheria. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na chama cha wanasheria wanawake, TAWLA, wanatoa msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo.

HATUA YA 6: Waandikie

Faragha imeandikwa kwenye Katiba ya Tanzania, Ibara ya 16. Juu yake kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Inataka taarifa zikusanywe kwa lengo mahususi na halali, zisizidi zinazohitajika kwa lengo hilo, na inakupa haki ya kujua wanachokushikia, kukirekebisha, na kuwataka waache kukitumia kwa namna inayokudhuru. Wengine watakuambia, "Lakini ulibonyeza Kubali." Ulibonyeza kwa niaba yako. Huwezi kubonyeza kwa niaba ya watu 400 waliomo kwenye simu yako.

Barua pepe iwe fupi, bila matusi, hata kama wao walikutukana:

"Mimi ni mteja wenu, mkopo namba fulani, wa tarehe fulani. Kuanzia tarehe fulani mmewasiliana na watu wasiohusika na mkopo huu kwa kutumia namba mlizochukua kwenye simu yangu. Kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, nawataka: mwache mara moja kuwasiliana nao, mnijulishe ni taarifa zipi mnazo, zilitoka wapi na mmempa nani, mfute majina na namba za watu hao, na mnipe mchanganuo wa deni langu. Mawasiliano kuhusu deni yafanywe nami pekee. Naambatanisha ushahidi."

Itume, piga picha ya tarehe na saa iliyotumwa. Wasipojibu, kimya chao ni sehemu ya malalamiko yako. Barua pepe ikirudi kwa sababu anwani haipo, hifadhi ujumbe huo wa kurudi pia.

HATUA YA 7: Peleka malalamiko panapohusika

Watu huzunguka sana hapa kwa kupeleka jambo moja kwenye ofisi isiyolishughulikia. Gawa hivi.

Matumizi ya namba na picha zako yapeleke Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, PDPC, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 3, 2024. Riba, ada, ukosefu wa leseni na namna ya kudai yapeleke Benki Kuu, ambayo ina kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019. Kama kampuni ina leseni, anza kwa kulalamika kwake kwanza, ndiyo maana barua ya hatua ya 6 ni muhimu. Vitisho, matusi na picha zako walizozichezea ili kukuaibisha vipeleke polisi, ukafungue jalada na kutoka na namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako pale kituoni. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo kwa ajili hiyo. Namba za matapeli ziripoti TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040.

Malalamiko yenyewe yaandike kwa mpangilio wa tarehe, ukurasa mmoja au miwili, na kila tukio ulipe namba ya kiambatisho: "Juni 4, saa 1:10 asubuhi, meseji kwa jirani, kiambatisho cha 3." Anayesoma ana mafaili mengi mezani. Ukimrahisishia, umejirahisishia.

Je, inasaidia? Kenya walitutangulia, sheria yao ni ya 2019. Septemba 2023 Kamishna wa Data wa huko, Immaculate Kassait, aliitoza kampuni moja ya mikopo ya kidijitali faini ya shilingi za Kenya 2,975,000, baada ya watu kulalamika kwamba majina na namba zao zilitumika kuwatumia vitisho. Aliyeko Kenya analalamika kwenye ofisi hiyo, na kanuni zao zinataka lalamiko liamuliwe ndani ya siku 90.

HATUA YA 8: Uliyetumiwa meseji, nawe una lako

Hatua hii ni kwa shangazi, jirani, fundi, kila aliyeguswa bila kukopa senti. Wengi wetu hupiga simu kumlaumu mkopaji, kisha tunanyamaza. Lakini taarifa zetu ni zetu. Hatukusaini mkataba wowote, kwa hiyo hakuna masharti wanayoweza kutuonyesha, na kwa maoni yangu lalamiko letu ni jepesi kuthibitisha kuliko la mkopaji mwenyewe.

Mimi niliwajibu hivi: "Sijadhamini mkopo huu. Namba yangu mmeipata wapi, na kwa ridhaa ya nani? Ifuteni, msinitafute tena." Walipiga tena mara mbili, wakakata nilipouliza jina la kampuni. Nimeandika malalamiko yangu mwenyewe kwa PDPC, tofauti na ya mama yule. Usilipe deni la mtu kwa sababu ya meseji, na usiwape namba yake nyingine, anapoishi, wala mahali anapofanyia kazi.

HATUA YA 9: Siku ukitaka kukopa tena

Shida haibishi hodi, na sitamlaumu mtu kwa kukopa. Angalia mambo mawili tu kabla hujabonyeza.

Kwanza, ruhusa. Tangu Mei 31, 2023 Google inazikataza programu za mikopo binafsi zilizomo Play Store kufikia anwani na picha za mtumiaji. Programu ya mkopo ikiomba majina yako, imeshavunja sheria za duka ilimo. Pili, muda. Google hairuhusu pia programu za mikopo zinazotaka deni lote lilipwe ndani ya siku 60 au chini yake. Ukiona "siku 7", toka. Kabla hujatoka, bonyeza zile nukta tatu juu ya ukurasa wake Play Store uiripoti. Ni dakika moja, na unamsaidia atakayefuata.

Ukihitaji mtaji wenye subira, uliza VICOBA au SACCOS iliyo karibu, au ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata kuhusu ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayokopeshwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Mama mshona nguo alilipa kwa namba rasmi ya kampuni, akachukua uthibitisho. Wiki hii amerudi kibandani na daftari lake. Tumeandika barua ya mwisho, ambayo wengi huisahau: deni limekwisha, hivyo picha ya kitambulisho changu, picha ya uso wangu na namba zote mlizochukua hamna tena sababu ya kukaa nazo, zifuteni na mnithibitishie kwa maandishi. Imetumwa Jumanne, saa 10:25 jioni, na skrinshoti ipo.